Majumba ya Mengo na Wenye Mailo

Barabara ya Kabaka Njagala, pale Mengo, imenyooka kama uzi kutoka jengo la Bulange hadi lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Urefu wake ni kama maili moja. Katikati kuna mzunguko, na kila gari, liwe la waziri au la muuza matoke, hulazimika kuuzunguka. Lakini katikati ya mzunguko huo pamewekwa njia yenye geti, na geti hilo hufunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Kabaka hazunguki. Akitoka Bulange, kwenye baraza lake la Lukiiko, hupita pale katikati hadi nyumbani kwake, na geti hufungwa nyuma yake.

Kando ya barabara hiyo iko Butikkiro, nyumba rasmi ya Katikkiro, yaani waziri mkuu wa ufalme. Ukiingia vichochoro vya jirani, kuelekea Namirembe upande mmoja na Rubaga upande mwingine, utakutana na nyumba za matofali zilizochakaa, paa za bati lenye kutu, baraza pana, miembe mikubwa uani. Zilijengwa na watu ambao leo tunawasoma kwenye vibao vya barabara, Sir Apolo Kagwa akiwa wa kwanza. Mgeni aliyezoea filamu za mabwanyenye wa Kiingereza huziangalia akadhani ameelewa: kumbe na hapa palikuwa na makabaila, na majumba yao ndiyo haya, yamerithiwa kizazi baada ya kizazi.

Hajaelewa. Uingereza, ukoo wa Cavendish ulinunua Chatsworth mwaka 1549 na uko huko mpaka leo. Mtu hufa, nyumba hubaki, mtoto wa kiume wa kwanza huingia na kukaa kwenye kiti kilekile. Buganda haikuwahi kuwa na desturi ya namna hiyo. Huku, kwa karne nyingi, nyumba kubwa ilikufa na mwenyewe, na hakuna aliyeona ajabu. Hizi nyumba za Mengo ni jaribio la kubadili desturi hiyo, jaribio lenye tarehe yake na saini zake, na historia yake ni ya miaka mia moja na kidogo.

Tuanze na wafalme. Kabaka mpya alichagua kilima chake. Suuna II, aliyefariki mwaka 1856, alikuwa na makao Wamala na ndiko alikozikwa. Mwanawe Mutesa I alihama zaidi ya mara moja. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta Rubaga, na miaka michache baadaye Kabaka huyohuyo akajenga Nabulagala, mahali tunapopaita Kasubi. Ikulu ilijengwa kwa matete, miti na nyasi, vitu ambavyo havidumu hata ukivitunza. Kabaka akifariki, nyumba yake haikurithiwa na mtu. Iligeuzwa kaburi lake, ikawekewa walinzi na wajane, na mji wote ukahama. Wakuu nao walihama, maana kila mkuu wa saza, yaani jimbo la ufalme, alikuwa na eneo lake maalumu kuizunguka ikulu, upande ule ule linakoelekea saza lake. Nyumba ya mkuu ilikuwa nyumba ya cheo. Akivuliwa cheo asubuhi, jioni alikuwa njiani na wake zake na mbuzi zake, na mwenzake ameshaingia.

Kasubi ndiko unakoweza kuona bado nyumba kubwa ya Kiganda ilivyokuwa. Muzibu Azaala Mpanga ilijengwa kama ikulu mwanzoni mwa miaka ya 1880, na Mutesa alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi. Ni duara lenye kipenyo cha mita 31, paa lake la nyasi likishuka karibu na ardhi hata ukiwa nje huoni ukuta. Ndani, ukiinua macho, unaona pete za matete zilizofungwa moja ndani ya nyingine, 52 kwa jumla, kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda. Ukoo wa Ngeye ndio wenye kazi ya kuezeka. Ukoo wa Ngo hupamba pete. Mbele limetundikwa pazia la nguo ya magome ya mutuba, na nyuma ya pazia ni Kibira, msitu, ambako raia haingii. Huko wamelala Makabaka wanne, akiwemo Mwanga II, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na kurudishwa mwaka 1910. Hata nyumba hii haikuachwa kama ilivyokuwa: ilipojengwa upya mwaka 1938 iliwekewa nguzo za zege. Wahifadhi wa leo hukunja uso wakisikia habari ya zege. Mimi naona waliofanya hivyo walikuwa wanasema wazi kwamba sasa wanataka nyumba idumu, jambo ambalo babu zao hawakulihitaji.

Wafanyabiashara wa pwani walifika mapema kuliko Wazungu. Ahmed bin Ibrahim alifika kwenye ua wa Suuna mwaka 1844, na Mutesa alijifunza Kiswahili na Kiarabu, akafunga Ramadhani kuanzia mwaka 1867 kwa karibu miaka kumi. Waliokuja kutoka Unguja walijua nyumba za mawe na chokaa. Walichouza Buganda, hata hivyo, ni nguo na bunduki, na bunduki ndizo zilizokuja kuamua nani atajenga nyumba ya aina gani.

Mwaka 1888 vijana wa ikulu, Waislamu na Wakristo pamoja, walimpindua Mwanga na kumweka kitini kaka yake, Kiweewa. Hapo palikuwa na kasoro ambayo Mwingereza asingeiona. Kiweewa alikuwa mtoto wa kwanza wa Mutesa, na Buganda mtoto wa kwanza wa Kabaka hatawali. Jina lenyewe la Kiweewa hupewa mzaliwa wa kwanza kumtofautisha na wanaostahili kiti. Hakudumu hata miezi mitatu. Aligoma kutahiriwa, Waislamu wakamwondoa, wakamweka Kalema. Baadaye Mwanga akarudi kwa nguvu za Wakristo, nao Wakristo wakagawanyika, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana wao kwa wao mwaka 1892 kwenye kilima cha Mengo, bunduki za Kapteni Lugard, Mwingereza, zikiwa upande wa Waprotestanti.

Waliotoka kwenye vita hivyo wakiwa juu hawakuwa watoto wa makabaila. Walikuwa vijana waliolelewa kama watumishi wa ikulu, waliojifunza kusoma kwa wamisionari na kulenga shabaha kwenye vita vya dini. Apolo Kagwa, wa ukoo wa Nsenene, alijeruhiwa na Mwanga mwaka 1886, siku zile wenzake Wakristo walipochomwa moto Namugongo, akasamehewa. Ham Mukasa alipigwa risasi ya goti, akachechemea maisha yake yote. Stanislaus Mugwanya aliongoza Wakatoliki. Zakaria Kisingiri alishika hazina. Mwanga alipoasi mwaka 1897 na kushindwa, kiti kilipewa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, na Kagwa, Mugwanya na Kisingiri wakawa watawala kwa niaba yake. Nchi ilikuwa mikononi mwao.

Ndipo akaja Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza, na karatasi yake. Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 una mambo mengi, kodi ya nyumba, mahakama, idadi ya masaza, lakini kiini chake ni kifungu cha ardhi. Johnston alikisia kwamba Buganda ina maili za mraba 19,600, akaikata kwa makisio hayohayo kabla hata mpimaji mmoja hajaingia shambani. Kabaka alipata 350. Kila mmoja wa watawala watatu alipata maili za mraba 16 ziwe mali yake, na nyingine 16 za cheo. Kila mkuu wa saza, na walikuwa 20, alipata 8 zake na 8 za cheo. Wamisionari walipewa 92. Mbogo, ndugu yake Mutesa I na kiongozi wa Waislamu, pamoja na wafuasi wake, walipewa 24. Kisha zikatengwa maili 8,000 kwa wakuu na wamiliki binafsi elfu moja. Serikali ilibaki na maili 9,000 za pori na mabwawa, pamoja na misitu.

Tazama hesabu ya Kagwa peke yake. Maili moja ya mraba ni ekari 640. Kumi na sita ni ekari 10,240. Kijana aliyeingia ikulu kama mtumishi sasa ana ekari elfu kumi, na si za cheo tena. Anaweza kuziuza. Anaweza kuzirithisha. Akivuliwa Ukatikkiro kesho, ataondoka Butikkiro kama walivyoondoka wote kabla yake, lakini shamba lake halimwondoki. Wakulima walioishi pale tangu enzi za babu zao waliamka wakiwa wapangaji wake. Nani angemkatalia? Wagawaji wenyewe walikuwa Lukiiko, na mwenyekiti wa Lukiiko alikuwa Kagwa. Orodha ya watu elfu moja iliongezeka na kuongezeka hadi ikakaribia elfu nne, na upimaji wa mashamba hayo haukumalizika hadi mwaka 1936. Watu wakayaita mailo, na jina likabaki.

Sasa palikuwa na sababu ya kujenga nyumba itakayodumu. Njia ilikuwepo pia: reli ilifika ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901, na meli zikavusha mabati, vioo na saruji hadi bandari za Buganda. Pesa zilitoka kwenye pamba, iliyoanza kupandwa kwa wingi baada ya 1903. Mkulima alimlipa mwenye mailo busuulu, kodi ya kukaa, na envujjo, sehemu ya mazao yake. Pamba ilipopanda bei na envujjo ilipanda. Tofali la Mengo lina jasho la mtu wa saza la Kyaggwe au Singo ambaye hakuwahi kulala chini ya bati.

Mwaka 1902 Kagwa alikwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, Ham Mukasa akiwa katibu wake, na mmisionari Ernest Millar akiwaongoza. Mfalme akaugua, sherehe ya Juni ikaahirishwa hadi Agosti 9. Ucheleweshaji huo uliwapa wageni muda wa kuzunguka nchi, na Mukasa aliandika karibu kila kitu alichokiona. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1904 na bado kinasomeka vizuri kuliko ripoti nyingi za magavana. Yeye na bwana wake walikuwa ndio kwanza wamepewa mashamba makubwa kwa karatasi, nao wakatembea katika nchi ambayo watu walikuwa wamekaa juu ya karatasi kama hizo kwa mamia ya miaka. Kagwa alirudi, na mwaka 1905 akapewa cheo cha Sir. Mukasa mwaka huohuo akawa Sekiboobo, mkuu wa saza la Kyaggwe, akashika kazi hiyo miaka 30, na makao yake ya Nasuuti pale Mukono yakawa mahali pa kupokelea wageni wa kila aina hadi alipofariki mwaka 1956.

Watoto wao walipelekwa shule za bweni: Gayaza kwa mabinti, iliyofunguliwa mwaka 1905, na King's College Budo kwa wavulana, mwaka 1906, kwenye kilima kilekile ambako Makabaka hutawazwa. Wamisionari walisema wazi kwamba wanawaandaa watoto wa wakuu kuongoza. Winston Churchill alipopita mwaka 1907 alimkuta Daudi Chwa ana miaka kumi na moja, akaona ua, adabu, majoho na mageti ya matete, akavutiwa sana. Hakukaa muda wa kutosha kusikia manung'uniko.

Manung'uniko yalikuwepo. Buganda ina wakuu wa aina mbili. Kuna wa cheo, wanaowekwa na Kabaka, na kuna bataka, wazee wa koo, wenye dhamana ya ardhi walikozikwa mababu. Mkataba wa 1900 uliwajua wa kwanza na kuwasahau wa pili. Mzee wa ukoo aliamka akakuta kaburi la babu yake liko ndani ya mailo ya mtu wa ukoo mwingine, tena wa dini nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bataka waliungana, wakapeleka malalamiko kwa Kabaka Daudi Chwa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na kwa siri au dhahiri hakuwapenda wazee waliomtawalia utotoni. Uchunguzi ulifanyika, ushahidi ukachukuliwa kwa miezi. Serikali ya kikoloni ikakataa kuugusa ugawaji. Lakini haikuwaacha wenye mailo hivihivi pia: sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika Januari 1928, ilimfungia mkulima busuulu kwa shilingi 10 kwa mwaka, ikaweka kikomo cha envujjo, ikamzuia mwenye mailo kumfukuza bila amri ya mahakama, na kumruhusu mkulima kumwachia mtoto kibanja chake, yaani kipande alichokikalia. Kuanzia siku hiyo mwenye ardhi alikuwa na hati na mkulima alikuwa na ardhi. Ugomvi wa leo wa Uganda kuhusu mailo na bibanja, unaojaza magazeti, ulizaliwa hapo.

Kagwa hakuuona. Aligombana na ofisa wa mkoa, Postlethwaite, kuhusu nani atoe vibali vya pombe katika mji wa Mengo. Jambo dogo, lakini nyuma yake lilikuwapo swali la nani bwana. Alijiuzulu mwaka 1926 baada ya miaka zaidi ya 35, na Februari 1927 akafariki Nairobi. Nyumba ya cheo ikapata mwenyeji mwingine, kama desturi. Mashamba yakaenda kwa watoto.

Na hapo ndipo jaribio la Johnston lilipovunjika, polepole, bila kelele. Uingereza sheria na desturi vilimpa mtoto wa kwanza wa kiume nyumba na shamba zima. Wadogo zake walikwenda jeshini, kanisani au India. Ndiyo maana Chatsworth ni moja. Muganda ana mrithi pia, lakini mrithi wake ni kitu kingine. Siku ya kuhitimisha msiba, ukoo humsimamisha omusika mlangoni, humvika nguo ya magome, humkabidhi mkuki, na tangu hapo yeye ndiye marehemu: watoto wa marehemu humwita baba. Ukoo unaweza kumchagua mtoto, mpwa au mjukuu. Mailo, hata hivyo, hugawanywa. Mzee mwenye wake wawili au watatu, au mke mmoja wa kanisani na wengine wa nje, huacha watoto kumi na tano, na kila mmoja apate ekari zake. Kizazi cha pili hugawa tena. Kizazi cha tatu huuza ili kulipa ada. Kufikia miaka ya 1950 wamiliki wa mailo walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao wakulima waliojinunulia vipande vidogo. Wasomi wa Kiingereza waliokuja kuchunguza walishangaa. Tabaka la makabaila lililoandikwa mwaka 1900 lilikuwa linayeyuka kwa sababu ya baba waliowapenda watoto wao wote.

Nisionekane kana kwamba ninasema Waingereza walishinda. Kodi ya mirathi iliyoletwa mwaka 1894, bei ya nafaka iliyoanguka, na vita viwili vikuu vilivyomaliza warithi na watumishi, vyote viliwafikisha mahali ambapo nyumba za kale zilikuwa zinabomolewa kwa mamia. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilifanya maonyesho kuhusu nyumba zilizokwisha kuvunjwa. Baadhi ya zilizosalia ni za National Trust, na mwenye cheo hukaa pembeni huku watalii wakilipa kiingilio kuangalia kitanda cha nyanya yake.

Buganda, hasira zilikuja kwa njia ya moto na risasi. Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro aliyekuwa amewahi kuondolewa mwaka 1941, alirudishwa mwaka 1945 baada ya ghasia. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kupitisha sheria ya kuruhusu ardhi itwaliwe kwa ajili ya kupanua chuo cha Makerere. Wengi waliona ni mlango wa kuwaingiza Wazungu kwenye mailo. Asubuhi ya Septemba 5, siku iliyofuata baada ya sheria kupita, alikwenda ibada kanisani Namirembe, na mlangoni akapigwa risasi. Leo bweni moja la Makerere linaitwa Nsibirwa. Miaka minne baadaye, Aprili 1949, ghasia zilizuka tena, na safari hii nyumba zenyewe za wakuu zilichomwa moto, moja baada ya nyingine, na watu waliojua vizuri ni za nani na zilijengwa kwa pesa ya nani.

Mutesa II, aliyesoma Cambridge na kuwa kapteni wa Grenadier Guards, alijenga Bulange katika miaka hiyohiyo ya 1950, kubwa, ya mawe, yenye mnara, kama bunge la nchi kamili. Kati ya Novemba 1953 na Oktoba 1955 Gavana Andrew Cohen alimfukuzia London. Alirudi akiwa shujaa kuliko alivyoondoka. Jengo lilikamilika. Nchi ikapata uhuru, Kabaka akawa rais wa Uganda, akagombana na waziri mkuu wake, Milton Obote. Alfajiri ya Mei 24, 1966, jeshi likiongozwa na Idi Amin lilishambulia Lubiri. Walinzi wa Kabaka, wachache, walipigana karibu siku nzima. Mvua kubwa ilipoanza alasiri, Kabaka aliruka ukuta, akaumia mgongo alipotua, akasimamisha teksi barabarani, akafika kwa mapadri wa Rubaga. Kutoka huko alivuka hadi Burundi na kisha Uingereza. Aliishi katika fleti ndogo Rotherhithe, mtaa wa makuli wa bandari ya London, na humo akafariki Novemba 21, 1969, akiwa na umri wa miaka 45. Twekobe, nyumba yake ya Lubiri iliyojengwa enzi za baba yake, ilikuwa imegeuzwa kambi ya jeshi. Bulange ikawa makao makuu ya jeshi. Falme zikafutwa mwaka 1967.

Familia moja ilipita njia tofauti, na kwangu hii ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu nyumba na umri wake. Mbogo, yule wa maili 24, alikuwa amepelekwa Zanzibar na Waingereza mwaka 1893, akarudi baada ya miaka miwili na kuishi kwa amani hadi 1921. Mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907, alirithi kilima cha Kibuli. Alitoa ekari 80 kwa ajili ya Waislamu. Msikiti wa Kibuli ulifunguliwa mwaka 1951. Shule na hospitali zikafuata. Ardhi iliyotolewa wakfu haigawanywi msibani, haiuzwi kwa ada, na mpangaji wake ni umma. Kakungulu alifariki 1991, baada ya Obote, Amin, Obote tena na vita vyote vya kati, na kilima chake kilikuwa bado kizima. Wenye mailo waliowapa watoto wote walipoteza kilima. Aliyempa Mungu akabaki nacho. Sijui kama alipiga hesabu hiyo, lakini ilimtokea.

  

Amin, sasa akiwa rais, mwaka 1975 alitangaza ardhi yote kuwa ya umma na kugeuza mailo kuwa upangaji wa miaka 99. Vijijini watu waliendelea kumwita mwenye mailo vilevile. Katiba ya 1995 iliirudisha mailo rasmi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamlinda aliyekaa kwenye kibanja miaka 12 kabla ya katiba hiyo. Falme zilirudishwa mwaka 1993, Ronald Mutebi II akatawazwa Julai 31 huko Naggalabi, Budo. Lubiri, Bulange na Butikkiro zikarudi mikononi mwa Mengo. Hati nyingine za ardhi za cheo zilifuata baada ya makubaliano ya Agosti 2013 kati ya Kabaka na Rais Museveni. Nyumba za cheo, zilizokuwa za muda mfupi kuliko zote katika desturi ya kale, ndizo zilizopona, kwa sababu hazikuwa za mtu. Hata Kasubi, iliyoungua usiku wa Machi 16, 2010 huku watu wakilia barabarani, imejengwa tena. Katikkiro Charles Peter Mayiga alizunguka saza kwa saza kuanzia mwaka 2013 akichangisha kwa kampeni ya Ettoffaali, tofali, na watu wakatoa: wenye shilingi mia, wenye mamilioni, wenye ndizi. Septemba 2023 UNESCO iliiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Nyumba binafsi hazina Katikkiro wa kuzichangishia. Sheria ya kulinda kumbukumbu za kihistoria ipo, lakini nyumba ya marehemu babu wa familia ni mali ya familia, na familia ina watu sitini, wanne kati yao wako Toronto na Boston. Mengo ni dakika chache kutoka katikati ya mji. Ekari moja inaweza kubeba hosteli ya wanafunzi ya ghorofa tano. Kila mwaka nyumba moja au mbili za kale hutoweka nyuma ya mabati ya fundi, na anayepita baada ya miezi sita hukuta vioo vya bluu.

Kinachozizuia kuisha zote ni makaburi. Wengi wa wakuu wa mailo walizikwa kwenye mashamba yao, wao na wake zao na watoto wao, kwenye kiggya, yaani makaburi ya familia, kilichojengewa vigae au saruji hatua chache kutoka barazani. Kuuza nyumba maana yake ni kuuza na babu, au kumhamisha, na ukoo mzima lazima uketi ukubaliane. Dalali mzoefu wa Mengo, kabla ya kuuliza bei, huuliza hati iko kwa nani, bibanja vingapi viko juu ya ardhi, na makaburi mangapi. Akijibiwa mawili au matatu, anaendelea na mazungumzo. Akiambiwa kumi na tisa, na jingine lilichimbwa mwezi uliopita, anafunga daftari na kwenda kutafuta kiwanja Namirembe.